Namna ya Kufundisha Vyanzo vya Mdororo Mkuu wa Uchumi wa 1929–1933

Wanafunzi wengi hufika kwenye mada ya Mdororo Mkuu wa Uchumi wakiwa na jibu tayari: soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, na dunia nzima ikaingia katika ufukara. Kwa kuwa jibu hilo lina tarehe na lina mahali, hukaririka upesi na huandikwa kwenye mitihani mwaka baada ya mwaka. Tatizo lake ni kwamba linaeleza tukio la siku chache, ilhali kinachotakiwa kuelezwa ni miaka minne ambamo uzalishaji wa Marekani ulipungua kwa zaidi ya robo, takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wenye uwezo wa kufanya kazi akakosa ajira, na benki zipatazo 9,000 zikafunga milango yake. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mwalimu wa sekondari mwenye vipindi vinne au vitano vya mada hii, ambaye anataka wanafunzi wake waelewe jinsi chanzo kimoja kilivyozaa kingine, badala ya kuorodhesha sababu sita zisizohusiana.

Anza kwa kuligawa swali

Kabla ya kutaja sababu yoyote, andika ubaoni maswali matatu na uyaache hapo hadi mwisho wa mada. Kwa nini uchumi ulianza kushuka mwaka 1929? Kwa nini haukuinuka mwaka 1930 au 1931, bali ulizidi kuzama? Na kwa nini balaa hilo lilivuka bahari likafika Berlin, São Paulo na Tanga?

Mgawanyo huu ndio moyo wa somo zima, nami nauona kuwa wa lazima. Sababu nyingi zinazotajwa vitabuni ni za kweli, lakini kila moja hujibu swali moja kati ya hayo matatu na kushindwa kujibu mengine. Mwanafunzi asiyetenganisha maswali huishia kuweka uzito sawa kwa mambo yasiyo na uzito sawa. Ili kuonyesha kwamba swali la pili si la kawaida, waeleze kwamba Marekani ilipata mshuko mkali wa uchumi mwaka 1920 na 1921, bei zikaanguka na viwanda vikapunguza wafanyakazi, lakini katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi hali ilikwisha kugeuka. Kuanguka kwa uchumi lilikuwa jambo lililozoeleka. Kutoinuka ndiko kulikokuwa kupya.

Kipindi cha kwanza: soko la hisa na mipaka yake

Usianze kwa kukanusha jibu walilokuja nalo. Wape takwimu nne za kipimo cha Dow Jones, kinachofuatilia bei za hisa za makampuni makubwa ya Marekani, uwaambie wachore grafu: 381 tarehe 3 Septemba 1929, 198 tarehe 13 Novemba 1929, 294 tarehe 17 Aprili 1930, na 41 tarehe 8 Julai 1932. Waache waitazame grafu hiyo kwa dakika chache bila maelezo yako. Mwanafunzi makini ataona kwamba baada ya anguko maarufu la Oktoba hisa zilirudisha karibu nusu ya thamani iliyopotea, na kwamba maporomoko marefu zaidi yalikuja baadaye. Hapo swali litatoka kwao wenyewe: ni nini kilichotokea baada ya Aprili 1930?

Sasa unaweza kueleza soko lenyewe kwa haki. Katika miaka ya mwisho ya 1920 watu walinunua hisa kwa mkopo, wakitoa sehemu ndogo ya bei kutoka mfukoni na kukopa iliyobaki kwa madalali wao. Bei zilipopanda faida ilikuwa kubwa. Ziliposhuka, dalali alidai fedha zake mara moja, na mwenye hisa alilazimika kuziuza kwa bei yoyote, jambo lililozidi kuzishusha. Ndiyo sababu tarehe 24 Oktoba zilibadilishana mikono hisa zipatazo milioni 12.9, na tarehe 29 Oktoba hisa zaidi ya milioni 16, idadi ambazo soko hilo halikuwa limewahi kuziona.

Baada ya hapo weka mipaka ya sababu hii. Wamarekani wenye akaunti kwa madalali walikuwa takriban milioni 1.5 katika nchi yenye watu wapatao milioni 120. Uzalishaji wa viwandani ulikuwa umeanza kushuka tangu kiangazi cha 1929, kabla ya anguko la soko, kwa sehemu kwa sababu Benki Kuu ya Marekani ilikuwa ikipandisha riba tangu 1928 ili kuwazuia walanguzi wa hisa, na Agosti 1929 tawi lake la New York liliifikisha asilimia 6. Riba hiyo iliwaumiza pia wenye viwanda, wajenzi na wakulima ambao hawakuwa na habari na Wall Street, mtaa wa soko la hisa la New York. Mwisho wa kipindi taja tarehe 19 Oktoba 1987, siku ambayo kipimo hichohicho cha Dow Jones kilianguka kwa asilimia 22.6, anguko kubwa kuliko la siku yoyote ya 1929, na hakuna mdororo uliofuata. Waulize wanafunzi tofauti ni nini, na wasijibu mpaka kipindi kijacho.

Kipindi cha pili: benki

Hapa ndipo mada inapokuwa na utajiri, na hapa ndipo ninapopendekeza utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Wanafunzi wengi hudhani kwamba benki ni ghala la fedha, kwamba shilingi aliyoweka mteja imekaa mahali ikimsubiri. Dhana hiyo isipoondolewa, hawataelewa kwa nini benki nzima inaweza kufa kwa uvumi.

Tumia zoezi la karatasi. Chagua wanafunzi kumi wawe wenye amana, kila mmoja na karatasi zenye thamani ya 100, mwanafunzi mmoja awe meneja wa benki, na wanne wawe wakopaji: mkulima, mwenye duka, mwenye kiwanda kidogo na mjenzi. Amana zote zifikie 1,000. Meneja abakize 200 sandukuni na akopeshe 800, na wakopaji wazitumie papo hapo kununua vitu vya kuwaziwa, yaani mbegu, bidhaa, mashine na saruji, ili darasa lione kwamba fedha hizo hazipo tena katika hali ya fedha. Kisha mnong'oneze mwanafunzi mmoja kwamba benki ina matatizo, na umwache auseme uvumi huo kwa sauti. Wa kwanza atachukua 100, wa pili 100, na wa tatu atakuta sanduku tupu. Benki imekufa, ingawa kila mkopaji alikuwa mwaminifu na angelipa kwa wakati.

Usimalizie hapo, kwa sababu funzo kubwa liko katika mizunguko inayofuata. Katika mzunguko wa pili mruhusu meneja kudai mikopo yake mapema: mkulima atalazimika kuuza mazao kabla ya kukomaa, mwenye duka atauza bidhaa kwa hasara, na kila mmoja atapunguza wafanyakazi. Katika mzunguko wa tatu ongeza mwanafunzi wa kumi na sita awe benki kuu, mwenye sanduku la akiba na ruhusa ya kuikopesha benki kwa dhamana ya hati za mikopo yake. Wenye amana wakiona fedha zinapatikana, wengi huacha foleni. Waeleze kwamba kazi hiyo ndiyo iliyokuwa mojawapo ya sababu za kuundwa kwa Benki Kuu ya Marekani mwaka 1913, na kwamba katika miaka ya 1930 hadi 1933 haikuifanya kwa kiwango kilichohitajika.

Mifano ya kweli ipo ya kutosha. Novemba 1930 ilianguka kampuni ya fedha ya Caldwell huko Nashville na kuburuta benki nyingi za majimbo ya kusini. Tarehe 11 Desemba 1930 ikafungwa Bank of United States ya New York, benki binafsi ambayo wateja wake wengi walikuwa wahamiaji wenye akiba ndogondogo. Mawimbi mengine yalifuata mwaka 1931 na 1933, hadi Rais Franklin Roosevelt, siku mbili tu baada ya kuapishwa, alipoamuru benki zote nchini zifungwe kuanzia tarehe 6 Machi 1933. Kufikia wakati huo kiasi cha fedha kilichokuwa katika mzunguko wa uchumi wa Marekani kilikuwa kimepungua kwa takriban theluthi moja. Wanauchumi Milton Friedman na Anna Schwartz, katika utafiti wao uliotoka mwaka 1963, waliuona upungufu huo kuwa kiini cha maafa yote, na lawama wakaielekeza kwa Benki Kuu.

Mwanafunzi hodari atakuwa tayari kukubali kwamba benki ndizo zilizokuwa chanzo cha kila kitu, kwa hiyo mpe Canada. Nchi hiyo ilikuwa na benki chache kubwa zenye matawi mengi, na hakuna hata moja iliyofilisika katika miaka hiyo, lakini uchumi wake ulianguka karibu sawa na wa Marekani. Mfano huu ni wa thamani kwa sababu unawazuia wanafunzi kubadilisha jibu jepesi moja kwa jibu jepesi jingine.

Kipindi cha tatu: deni lisilopungua na bei zinazoanguka

Watoto waliokulia katika nchi ambako bei hupanda kila mwaka huona kushuka kwa bei kuwa ni baraka. Waonyeshe kwa hesabu. Mkulima wa ngano wa Kansas anadaiwa dola 600. Mwaka 1929 busheli moja (kipimo cha nafaka cha Marekani) ya ngano iliuzwa kwa takriban dola 1, hivyo alihitaji busheli 600 kulimaliza deni. Mwaka 1932 bei ilikuwa chini kidogo ya senti 40. Kwa bei ya senti 40 anahitaji busheli 1,500. Deni halikuongezeka hata senti moja, riba haikubadilika, na yeye hakuvivia shamba lake, lakini mzigo umekuwa mara mbili na nusu. Akishindwa, benki inachukua shamba ambalo halina mnunuzi, nayo inadhoofika. Wakulima wote wakijaribu kulipa kwa kulima na kuuza zaidi, bei inaanguka zaidi. Mwanauchumi Irving Fisher alilieleza duara hili mwaka 1933 baada ya kupoteza mali yake katika hisa.

Hesabu hiyohiyo inaweza kufanywa kwa Afrika Mashariki, na hapa uhusiano ni wa kweli kabisa. Serikali za kikoloni zilitoza kodi ya nyumba na ya kichwa kwa shilingi, kwa kiwango kilichowekwa bila kujali bei ya pamba au kahawa ya msimu huo. Bei ya zao ikishuka kwa nusu, familia inapaswa kuuza mara mbili ili kulipa kodi ileile. Katika Tanganyika bei ya mkonge, zao kuu la kuuzwa nje, ilianguka kwa zaidi ya nusu, mashamba ya Tanga na Morogoro yakapunguza wafanyakazi na mishahara, na serikali, badala ya kuupunguza mzigo, ikawahimiza wakulima walime mazao mengi zaidi ya kuuza. Waachie wanafunzi waeleze wenyewe kwa nini himizo hilo, likitolewa katika makoloni mengi kwa wakati mmoja, lingeweza kuzishusha bei zaidi.

Ukigusia uzalishaji uliozidi mahitaji, ambao vitabu vingi huuweka wa kwanza katika orodha, ufundishe hapa na si mahali pengine. Ni kweli kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza mashamba ya Ulaya yalirudi katika uzalishaji na bei za nafaka zikadhoofika katika miaka yote ya 1920, na ni kweli kwamba Brazil ilichoma kahawa yake moto. Lakini chakula kilizidi huku watu wakikosa cha kula, hivyo swali lenye maana ni kwa nini wenye njaa hawakuwa na fedha, na swali hilo linaturudisha kwenye ajira, benki na madeni.

Kipindi cha nne: dhahabu na jinsi balaa lilivyosambaa

Sehemu hii walimu wengi huiruka kwa kuiona ngumu, na kwa kuiruka huliacha swali la tatu bila jibu. Ieleze kwa sentensi chache. Nchi zilizofuata mfumo wa dhahabu ziliahidi kubadilisha fedha zao kwa dhahabu kwa kiwango kisichobadilika. Dhahabu ikianza kutoka nchini, serikali ililazimika kupandisha riba na kubana matumizi ili kuizuia, hata kama wananchi hawana kazi. Nchi inayopokea dhahabu ilitarajiwa kulegeza mikopo ili mizani irudi, lakini Marekani na Ufaransa, zilizokuja kushika zaidi ya nusu ya dhahabu ya serikali zote, hazikulegeza vya kutosha. Kwa hiyo wadhaifu walilazimika kubana, na wenye nguvu hawakulazimika kulegeza.

Juu ya mfumo huo yaliwekwa madeni ya vita. Ujerumani ilidaiwa fidia na Ufaransa na Uingereza, nazo zilidaiwa na Marekani. Tangu mpango wa Dawes wa 1924, uliopanga upya malipo ya fidia hiyo, mikopo ya Wamarekani kwa Ujerumani ndiyo iliyozungusha fedha hizo. Chora duara hilo ubaoni, kisha ufute mshale mmoja tu: mikopo ya Marekani, iliyoanza kukauka mwaka 1928 fedha zilipovutwa na riba ya juu na hisa za New York. Darasa litaona duara zima likisimama.

Baada ya hapo wagawie makundi kadi zisizo na mpangilio, kila moja ikiwa na tukio bila tarehe, wazipange kwa mantiki ya chanzo na tokeo. Weka humo kuanguka kwa benki ya Creditanstalt ya Vienna Mei 1931, kufungwa kwa benki za Ujerumani Julai, Uingereza kuacha dhahabu tarehe 21 Septemba, na Marekani kupandisha riba kutoka asilimia 1.5 hadi 3.5 Oktoba mwaka huohuo ili kulinda dhahabu yake, wakati benki zake zikiendelea kufa. Kadi hiyo ya mwisho huwasumbua wanafunzi sana, na inastahili kuwasumbua. Warudishe kwenye zoezi la sanduku: safari hii mwambie benki kuu kwamba akikopesha sana atapoteza dhahabu, na uone anavyositasita.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni ulinganisho wa nchi. Uingereza na nchi za Skandinavia ziliacha dhahabu mwaka 1931 na zikaanza kupumua mapema. Marekani iliiacha mwaka 1933 na ikaanza kuinuka mwaka huo. Ufaransa iling'ang'ania hadi 1936 na ikadumu katika dhiki wakati jirani zake wakitoka. China, iliyotumia fedha ya madini ya silva, haikuguswa sana katika miaka ya mwanzo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefungwa kwenye pauni, hivyo iliiacha dhahabu pamoja nayo bila mtu wa hapa kuulizwa, na bei ya dhahabu kwa fedha zetu ikapanda wakati karibu kila kitu kingine kimeshuka. Hiyo ni sehemu ya maelezo ya mbio za watu kwenda kuchimba dhahabu huko Kakamega, zilizosababisha serikali ya Kenya mwaka 1932 kuibadilisha sheria iliyokuwa imewaahidi Waafrika ulinzi wa ardhi yao miaka miwili tu kabla.

Sheria ya ushuru wa forodha ya Smoot na Hawley, iliyotiwa saini na Rais Herbert Hoover tarehe 17 Juni 1930 licha ya waraka wa kuipinga wa wanauchumi zaidi ya 1,000, haihitaji muda mrefu. Ilitiwa saini uchumi ukiwa umekwisha kushuka, kwa hiyo haiwezi kujibu swali la kwanza. Madhara yake makubwa yalikuwa kuchochea nchi nyingine kulipiza, na kuwanyima wadaiwa wa Marekani soko ambalo wangepata dola za kulipia madeni. Ukame na tufani za vumbi za majimbo ya katikati ya Marekani ziliwaongezea wakulima mateso katika miaka ya 1930, lakini zilikuja mdororo ukiwa umekwisha kushika mizizi, na mwanafunzi anayeziweka miongoni mwa vyanzo asahihishwe bila kusita.

Swali la insha na usahihishaji

Usiulize "Taja na ueleze sababu sita za Mdororo Mkuu", kwa kuwa swali hilo litabomoa yote uliyojenga. Uliza hivi: "Kwa nini mshuko wa uchumi ulioanza Marekani mwaka 1929 uligeuka kuwa mdororo wa dunia kufikia 1932?" Mitihani ya taifa ikiendelea kudai orodha, wafundishe kuandika orodha hiyo siku za marudio, kwani aliyeelewa mnyororo ataweza kuukata vipande sita kwa dakika chache, na aliyekariri vipande hawezi kuunda mnyororo.

Unaposahihisha, angalia viunganishi kabla ya takwimu. Maneno kama "hali hiyo ililazimisha", "kwa kuwa benki kuu haikuweza" na "ndipo wakopaji walipo..." huonyesha kwamba mwandishi anaiona njia, ilhali "pia", "vilevile" na "sababu nyingine" zikifuatana ukurasa mzima huonyesha kwamba bado anahesabu. Mpe alama za ziada anayetaja mfano unaopinga hoja yake mwenyewe, kama vile Canada kwa hoja ya benki au mwaka 1987 kwa hoja ya hisa, kisha akajitahidi kuujibu. Kwa aliyeishia Oktoba 1929, usimwandikie majibu pembeni. Mrudishie grafu yake ya kipindi cha kwanza, uzungushie duara Aprili 1930, na umtake aandike upya kuanzia hapo.